Matanga ya Ini la Leokadia

Tulimzika Leokadia akiwa na ini moja. La pili lilibaki kwao mjini, ndani ya chupa, likinywa dawa.

Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wakubwa wa Idara ya Maonjo wamezoea kusema kwamba sisi watu wa milimani hatukuelewa. Tulielewa vizuri sana. Walikuja wenyewe Mgeta na gari la kipaza sauti, wakatukusanya kwenye uwanja wa shule, wakatueleza. Zamani, walisema, dawa mpya ilijaribiwa kwa watu wa mbali huko, watu wa chakula kingine na hewa nyingine, halafu ikaletwa kwetu tukaimeza hivyo hivyo na bahati yetu. Enzi hizo zimekwisha. Sasa kila tarafa itatoa waonjaji kumi na wawili. Kila mmoja atakatwa kipande cha ini, kidogo kama punje ya mchele, kipande kitaoteshwa ndani ya chupa mpaka kiwe kama nyanya, na hicho ndicho kitakachoonja kila dawa mpya kabla haijafika mdomoni mwa mtu. Mwenyewe anabaki nyumbani kwake analima kabichi. Ini lake la pili liko mjini kazini. Nani angekataa?

Jina la Leokadia likatoka. Alivaa kitenge cha sikukuu kwenda kukatwa, na aliporudi hatukupumua. Nikimwambia, "Mama Veneranda, hebu nishikie hili gunia nilifunge," ananijibu amekunja nne, anamenya njegere zake, "Usinisumbue, bwana. Mimi saa hizi nipo mjini kazini, nalitumikia taifa."

"Na taifa linakupa nini?"

"Linanipa heshima. Wewe nani anakuheshimu? Kabichi?"

Aliyemkata ni Daktari Mwaipaja, mkuu wa Nyumba ya Waonjaji. Mtu mstaarabu, hapandishi sauti. Sitamsingizia. Kipande kilipokwisha kuota alituita, akakaa nasi kwenye benchi akatufafanulia kazi ya ini kama anayewaambia wageni njia ya sokoni. Dawa ukishaimeza, alisema, damu inaibeba mpaka kwenye ini. Huko kuna vimeng'enya, viwembe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaikatakata dawa mpaka iwe laini ya kutoka na mkojo. Watu wengine wana viwembe vingi, dawa haijatulia imeshakatwa, haiwasaidii kitu. Wengine wana vichache. Hao kidonge cha jana bado kimo damuni, cha leo kinaingia, cha kesho kinaingia, vinasongamana kama wageni wa arusi kwenye nyumba ya chumba kimoja. Hapo ndipo dawa inageuka sumu.

"Ini la mke wako ni pole, Mzee Severini," aliniambia. "Pole kuliko yote niliyowahi kuyaona. Katika waonjaji wa tarafa yenu ni yeye peke yake. Nadhani na ndugu zake wa tumbo moja wako hivyo hivyo. Kwa hiyo yeye anawasemea."

Leokadia akanikanyaga mguu chini ya benchi. Umesikia? Nawasemea.

Kulikuwa na sheria. Dawa ikimwagwa kwenye chupa, chupa ziangaliwe siku saba. Yale maji ambamo ini linaelea yana rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Ini likiumia, yanakuwa chai nzito. Likifa, yanakuwa kahawa. Hata mimi niliyeishia darasa la tatu naweza kusoma chupa ya namna hiyo.

Kisha ikaja dawa ya presha inayoitwa Shwari. Waziri alikuwa na safari ya nje, na ilibidi uzinduzi ufanyike kabla hajapanda ndege. Chupa zikaangaliwa siku moja. Siku moja! Ini lenye viwembe vichache halilii siku ya kwanza. Siku ya kwanza wageni ndio kwanza wanavua viatu mlangoni. Chupa zote zikaonekana safi, ngoma zikapigwa, na wale panzi wa Idara, vindege vyao vidogo visivyo na rubani, wakaja milimani kudondosha vidonge mlango hadi mlango. Leokadia alikuwa na presha. Alimeza cha kwanza huku anacheka, akasema, "Hii nimeionja mwenyewe, haina shida."

Siku ya tano macho yake yaliamka manjano. Jioni yake tulikuwa tumembeba kwenye machela kuteremka barabarani, na kabla hatujafika kwenye lami aliniomba tumtue chini apumzike. Tukamtua. Hatukumnyanyua tena akiwa hai.

*

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mke wangu hakuwa wangu. Alikuwa wa ukoo wao, na kwenye ukoo wao mwenye sauti ni mjomba. Mimi ni mkwe. Mkwe analia, anachimba, anachota maji. Hasemi.

Na kwa ukoo ule kuna jambo moja halina mjadala: maiti asipotimia, tanga halianuliwi. Mtu wa kabila jingine aliyefiwa na ndugu aliyepoteza mkono kwenye mashine anaweza kuendelea na maisha yake, wao hapana. Kiungo kikiwa mahali kinajulikana, kinafuatwa, kinazikwa na mwenyewe, ndipo nguo nyeusi zinavuliwa. Sheria ya Idara yenyewe ilikuwa imekubali hilo: mwonjaji akifa, chupa inazimwa, wenyewe wanakabidhiwa. Wafiwa wa tarafa nyingine walikabidhiwa. Sisi tulizungushwa. Mara mkubwa yuko semina, mara ufunguo hauonekani, mara rudini baada ya sikukuu. Veneranda binti yetu akawa amekaa na posa ya watu ndani na kaniki mwilini, hawezi kuolewa kwenye msiba wa mama yake.

Siku moja tulikuwa uani kwa Mjomba Valeriani, ndugu wa tumbo moja wa mama yake Leokadia, yeye ameunyoosha mguu wake juu ya kigoda. Kisukari kilikuwa kimeshakula vidole viwili na kilikuwa kinaendelea. Redio ikasema: Idara ya Maonjo inawatangazia wananchi dawa mpya ya kisukari, Afueni, kidonge kimoja kwa siku, uzinduzi ni Jumamosi.

Mjomba akaongeza sauti ya redio. Sikumlaumu. Mtu anayenuka mguu wake mwenyewe anasikiliza.

"Jumamosi," nikasema. "Leo Alhamisi. Siku saba zinaingiaje hapo?"

"Mkwe," Mjomba akasema, "hayo ya Idara tuwaachie Idara."

"Shikamoo mjomba, lakini tuliwaachia Shwari."

Aliyecheka ni Bibi Sikudhani. Huyu ni mtani wa ukoo wao, na asiyejua mtani ni nani msibani aelewe hivi: ndiye anayeruhusiwa kusema lisilosemeka na kufanya lisilofanyika, na hakuna wa kumkasirikia. Siku ya mazishi alishuka kaburini, akajilaza chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, tena mwekundu, na jeneza likasubiri jua kali mpaka jogoo akapatikana.

"Muone mgane anavyobwata," akasema. "Sufuria zake zimeota ukungu, anatafuta pa kutolea hasira. Na wewe Valeriani, mguu wako umekuwa chama cha siasa? Kila kitu unauliza mguu kwanza."

"Bibi, niache na ugonjwa wangu."

"Sikuachi. Mtoto wenu yuko rumande mjini, ananyweshwa madawa, nyinyi mmekaa mnasikiliza redio. Mimi jogoo wenu nilimla kwa mazishi nusu. Nadaiwa na maiti! Inukeni, mnaniaibisha."

Mjomba akautazama mguu wake muda mrefu.

"Twende," akasema. "Tukamchukue."

*

Nyumba ya Waonjaji iko nje kidogo ya mji, jengo jeupe lenye ua wa saruji. Tulikwenda siku hiyo hiyo, Mjomba, Bibi Sikudhani, Veneranda, mimi, na kina mama wa ukoo wenye mikeka na masufuria. Askari wa getini akatoka na rungu.

"Mnakwenda wapi nyie?"

"Msibani," Bibi Sikudhani akamjibu.

"Msiba wa nani? Hapa ni ofisi."

"Wa Leokadia. Yumo humo ndani, muda mrefu tu. Wewe unamlinda hata hujawahi kumpa pole?"

Askari akatutazama, akaziona kaniki, akavua kofia. "Poleni," akasema, na akatupisha. Mtoto wa Matombo yule, kwao wanajua mambo haya.

Daktari Mwaipaja alitupokea kwa heshima zote, akatuonyesha. Meza ndefu ya chuma, juu yake chupa kumi na mbili, kila moja na mrija wa kuingiza na wa kutoa, na kila moja na jina. La Leokadia lilikuwa la tisa. Ini lake lilikuwa limekua kweli kama nyanya, la rangi ya hudhurungi, na kila mrija ulipovuta lilitikisika kidogo, kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

Nikaweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa na moto. Sikutegemea hilo. Daktari akasema chupa huwekwa kwenye joto la mwili, la sivyo ini halifanyi kazi. Nikaondoa mkono haraka, kisha nikaurudisha.

"Tumekuja kumchukua," nikasema.

"Mzee Severini, Afueni imeshamwagwa asubuhi. Ukimtoa sasa mezani panabaki pengo. Waliobaki wote wana viwembe vya kutosha, kwao dawa itapita tu. Hakutakuwa na wa kuwasemea watu wa aina yake. Huyu mzee wetu hapa," akamwonyesha Mjomba, "ndiye wa kwanza atakayepelekewa."

"Na mkimwacha mtamwangalia siku ngapi?"

Akaipangusa chupa kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Uzinduzi ni keshokutwa," akasema.

"Kwa hiyo siku mbili. Unajua kwamba hazitoshi?"

"Najua, mzee wangu. Hakuna anayejua kuliko mimi. Ile ya Shwari, ini hili liligeuka rangi siku ya tano, nikaliona mwenyewe. Likawa linakufa. Tukafungua mrija tukaliosha kwa maji safi usiku kucha mpaka likapona. Ndiyo maana hatukulitoa. Ini kama hili hatuna lingine."

Alilisema kama mtu anayesifia. Nadhani hata hakujisikia.

"Siku ya tano," nikasema.

"Ndiyo."

"Siku ya tano asubuhi mke wangu macho yaligeuka manjano. Wewe ulishaliona la chupani, lililotangulia kumwagiwa, ukaliosha. Lile la tumboni nani aliliosha? Panzi mmoja, daktari! Panzi mmoja tu angekuja kutuambia asimeze tena."

"Dawa ilikuwa imeshazinduliwa. Nilipeleka taarifa juu."

"Juu wapi? Mimi natoka Mgeta, huko ndiko juu. Haikufika."

Akainamisha kichwa. Hawa watu wanajua kuinamisha kichwa, wamesomea. Baada ya Leokadia walichapisha kijikaratasi ndani ya pakiti ya Shwari: wenye maini mapole waepuke. Mtu anajuaje kama ini lake ni pole? Anajua akishakufa.

"Mimi nina wakubwa zangu, mzee," akasema taratibu. "Ningekuwa na amri ningengoja siku saba. Sina."

Nilikuwa nimeshaushika mrija. Niwe mkweli, nilitaka kuung'oa niondoke na chupa yangu, na hao wa Afueni wafe vizuri na wazinduzi wao. Nilimtazama Mjomba na mguu wake, nikamtazama Veneranda. Ana umbo la mama yake, ana njia yake ya kusimama akiwa amechoka, bila shaka na ini lake analo. Mkono ukakataa kuvuta. Lakini kumwacha pale maana yake ni kumwacha aendelee kuonja sumu za waliomuua, tena bure, kwa siku mbili za maonyesho. Nikabaki nimeshika mrija kama mpumbavu.

Ndipo tukasikia mkeka ukikunjuliwa. Bibi Sikudhani alikuwa ameutandika chini ya meza ya chuma, akajilaza chali, akafumba macho, kama siku ile ya kaburini.

"Bibi, unafanya nini?" Daktari akauliza.

"Nimelala kwa marehemu. Sitoki."

"Unataka nini? Jogoo?" Mjomba akauliza. Alikuwa anajua desturi yake.

"Jogoo wa mjini hawana ladha. Nataka siku saba. Siku saba mbele ya macho yangu, nihesabu mwenyewe. Na wewe mtoto wa Kinyakyusa, lete hilo koti jeupe nijifunike, saruji yenu ina baridi. Koti lenyewe linaonekana halijawahi kufanya kazi."

Akina mama wakatandika yao uani. Mafiga yakawekwa. Veneranda akaanza kuchambua mchele.

*

Daktari angeweza kuita polisi. Alisema hivyo mara moja, kwa sauti ya mtu anayesoma, halafu hakuita. Sijui kama ni huruma au aliona amepata kisingizio ambacho hawezi kulaumiwa nacho. Mimi nasema ni kisingizio. Veneranda anasema ni huruma. Bado tunabishana.

Jumamosi kikundi cha ngoma kikafika, vijana wa kukodiwa, wamevaa fulana zenye neno Afueni kifuani. Wakateremsha ngoma kwenye gari wakicheka, wakakuta ua mzima kaniki na moto wa msiba. Kiongozi wao akauliza, akaambiwa. Ngoma zikalazwa ubavu ukutani. Wakavua zile fulana wakazigeuza ndani nje, wakapita mstari mmoja kutushika mikono, pole mama, pole mzee, kisha wakakaa. Wapishi wa wageni waheshimiwa walipofika na pilau yao nao wakauliza wapi pa kuosha vyombo vya msiba.

Saa nne msafara wa Waziri ulikuwa njiani. Mtu wake akapiga simu, akamwomba Daktari aonyeshe ua kwa kamera. Daktari akaigeuza simu polepole, ukuta kwa ukuta. Bibi Sikudhani akachungulia kwenye kamera, ndani ya lile koti jeupe.

"Karibuni!" akapiga kelele. "Waziri aje na rambirambi, na aje na Shwari yake, tule wote!"

Msafara uligeuza. Mwanasiasa atakanyaga tope, atakanyaga katiba, lakini picha yake mbele ya msiba aliousababisha hapigi. Uzinduzi ukaahirishwa "kwa sababu zisizozuilika". Kwa hiyo siku saba tulizipata kwa njia hiyo, wala si kwa sayansi yao, ingawa siku hizi wanavyosimulia utadhani waliziweka wenyewe.

Mimi nilikaa ndani, kwenye kiti karibu na chupa ya tisa. Mchana kutwa kiganja changu kilikuwa kwenye kioo. Nilimwambia habari za nyumbani: kwamba mbuzi mweupe amezaa, kwamba nimeunguza maharage tena. Najua kwamba ini halina masikio. Lakini lilikuwa na moto wake ule ule, na tangu tumzike sikuwa nimegusa kitu chenye moto wake.

*

Siku ya tano mchana maji ya chupa ya tisa yakawa chai nzito.

Nyingine zote zilikuwa safi kabisa. Daktari alikuja, akachutama, akawasha kitaa kidogo nyuma ya kioo. Akatuita Mjomba na mimi.

"Ni ile ile," akasema. "Inalundikana. Sasa nisikilizeni vizuri, wazee wangu. Naweza kufungua mrija sasa hivi nikaliosha. Litapona kama lilivyopona mwanzo, litaishi miaka. Lakini nikiliosha, kwa sheria linahesabiwa kwamba halikutoa jibu, na waliobaki wanatosha. Afueni inapita. Nisipoliosha, kufika jioni litakuwa limekufa. Ini likifia mezani, dawa haipiti tarafa hii, hata Waziri hawezi kuipitisha. Ndiyo sheria pekee ambayo hawajaivunja, kwa sababu haijawahi kutokea."

"Na tukipitisha halafu ukawaandikia kijikaratasi?" Mjomba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mjomba mwenyewe hakungoja jibu. Alikaa chini kwenye mkeka wa Bibi Sikudhani, mguu ule mbele yake umefungwa kitambaa, na harufu yake tuliisikia wote.

"Mwenye sauti ni mimi," akasema. "Lakini mimi nimekuja hapa na mguu. Nikisema lioshwe, nitakuwa nimeusemea mguu huu. Nikisema liachwe, mtadhani mimi ni shujaa, na usiku nitawachukia nyote. Mimi sifai leo." Akaniangalia. "Mkwe aseme."

"Mjomba, mimi sina sauti kwenu."

"Ulikuwa huna. Sasa unayo. Sema."

Bibi Sikudhani alikuwa amekaa kimya. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, mtani kukosa neno.

Miaka yote ya ndoa nilinung'unika kwamba ukoo ule haunipi nafasi ya kusema, hata mahali pa kuchimba choo walipanga wao. Leo nimepewa, na nafasi yenyewe ndiyo hii.

"Linaumia?" nikamuuliza Daktari.

"Halina kichwa cha kuumia nacho, mzee."

"Una hakika?"

"Kwa kadiri tunavyojua," akasema.

Nikageuka kwenye chupa. Jibu rahisi lilikuwa pale pale: osha. Liishi. Nitakuwa nakuja kila wiki, naweka mkono, naondoka na moto kiganjani. Nani angenilaumu? Walimuua mara moja, kwa nini mimi niwamalizie? Na hao watakaokufa kwa Afueni siwajui. Halafu nikasikia uani Veneranda anacheka, mmoja wa wale wapiga ngoma amemtania kitu. Alicheka kwa kukata katikati, kama mama yake. Nikaiona siku atakayozeeka, sukari imempanda, panzi anatua mlangoni kwake.

"Nawasemea," alikuwa ameniambia kwa kunikanyaga mguu.

"Liacheni," nikasema.

Daktari akauliza tena, kama inavyowapasa. Nikasema tena. Akaondoa mkono wake kwenye mrija.

Tulikaa naye. Akina mama waliingia wakajipanga ukutani. Maji yalitoka chai nzito yakawa kahawa, na kutikisika kule kama kuitikia kukawa kunapungua, kukabaki mrija tu unaovuta bure. Jua lilikuwa bado halijazama Daktari alipozima mashine. Nilikuwa sijaondoa kiganja. Kioo kilipoa polepole, kutoka chini kwenda juu. Safari hii nilimshika yeye mpaka mwisho, si machela.

*

Tulilizika Mgeta, ubavuni mwake, ndani ya kibuyu. Bibi Sikudhani aliingia kwenye kile kishimo mguu mmoja tu, kwa kuwa hakikumtosha, akasema safari hii ametosheka, hadai kitu. Asubuhi yake tanga likaanuliwa. Kaniki zikavuliwa.

Jioni redio ikasema: mfumo wa maonjo umethibitisha uimara wake kwa kuizuia dawa ya Afueni katika tarafa yetu, na Waziri amewapongeza wataalamu. Jina la Leokadia halikutajwa. Shwari bado inauzwa, na kijikaratasi chake ndani. Mjomba walimkata mguu mwezi uliofuata, na mpaka leo akinitazama sijui kama ananishukuru au ananidai.

Daktari Mwaipaja alipanda mwenyewe mpaka kwetu, kwa miguu kutoka barabarani, amelowa jasho. Akasema meza ina pengo. Akamtazama Veneranda, na kabla hajamaliza kumtazama nikasimama.

"Usimwangalie huyo."

"Mzee, bila ini pole..."

"Nichukue mimi," Mjomba akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mguu mmeshachukua, malizieni. Ini langu ni la huko huko."

Wakamchukua kipande. Siku hizi chupa ya tisa ina jina lake. Bibi Sikudhani nilimkumbusha kwamba tulisahau mkeka wake kule chini ya meza ya chuma, twende tukauchukue.

"Nani kasahau?" akasema. "Uache huko."

Kwa hiyo upo. Dawa mpya ikimwagwa, mtu mmoja wa ukoo anateremka kwenda kuukalia mpaka siku ya saba, na askari wa getini anamvulia kofia. Kesho wanamwaga dawa ya kifua. Zamu ni ya mkwe.